Maji ya Kunawa na Wageni wa Ng'ambo

Asubuhi niliyoanza kazi katika jiko la masista sikupewa kisu wala sufuria. Nilipewa kiti. Sista wa Jiko, mama mfupi aliyetoka Ubelgiji na kuzeeka huku kwetu Ufipa, alinipeleka chumba cha chakula cha wageni, akanivutia kiti na kunitandikia kitambaa mapajani.

"Kaa, Skola," akasema. "Leo wewe ni mgeni."

Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini. Sketi niliyovaa ilikuwa ya marehemu mama, nimeipunguza kiunoni kwa pini. Nilikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani. Sista akaleta sahani ya supu ya viazi na mkate. Nilikula yote, na mkate nikaufutia sahani. Akaja, akaiondoa sahani. Nikasema, "Asante Sista, nimeshiba," nikasimama kwenda kutafuta maji ya kunawa.

Niliporudi nilimkuta amesimama palepale na sahani ya pili mkononi, ya nyama ya sungura.

"Ulikwenda wapi? Hatujaanza."

"Nimeshanawa, Sista."

"Ndiyo. Na sasa kula."

Nilibaki nimesimama. Kwetu maji ya kunawa huja mara mbili. Ya kwanza yanafungua chakula, ya pili yanakifunga. Mtu akishanawa yale ya pili amemaliza, hata kama chunguni kimebaki kidari cha kuku. Kurudi kwenye sahani ni uroho, na watu watakusema mpaka unazeeka. Nilimweleza hivyo huku nikitazama sakafu, nikidhani kazi imekwisha kabla ya kuanza. Sista akaweka sahani mezani, akavuta kiti, akaniomba nirudie taratibu. Nikarudia.

"Vizuri," akasema. "Umenifundisha la kwenu. Kesho nitakufundisha la kwetu. Sasa kaa, sungura anapoa."

Kazi hiyo ilikuwa na maana gani kwangu, lazima niieleze mapema. Wazazi wetu walifariki wakifuatana katika msimu mmoja wa mvua. Tulibaki wanne: mimi, Oswadi, Melania na Deo, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Baba Mdogo, mdogo wake baba, alikuja kutoka Kate akiwa na mpango wake. Oswadi angekwenda naye Kate kulima. Melania angepelekwa kwa shangazi kule Muze, bondeni. Deo angelelewa na bibi upande wa Kaengesa. "Na wewe," akaniambia, "utaolewa."

Nilikataa. Sikupiga kelele, nilikataa tu, na kila alipouliza tena nilijibu neno lilelile. Kwa miaka kadhaa tuliishi kwa vibarua vya mashamba na kufua nguo za watu, naye akivumilia kwa shida. Alipochoka aliweka sharti.

"Watoto wanaokaa peke yao si nyumba," akasema. "Tafuta kazi ya kueleweka. Ukikaa nayo, nitanyamaza. Siku ukiikosa, nakuja kuwachukua, na safari hiyo sitauliza."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezika kaka na shemeji mwaka mmoja, na aliogopa kuzika tena. Lakini kuna jambo moja aliloniumiza nalo. Kila baada ya mavuno alikuja kututazama, na kila alipokuja hakula kwetu. Alikaa barazani na koti lake, akauliza habari za shule na za afya, kisha akaenda kula kwa jirani. Nilipomkaribisha alijibu kwa upole, "Siwezi kunawa maji ya watoto." Maana yake ilikuwa wazi. Kwake yeye pale hapakuwa na nyumba ya kumkaribisha mgeni.

Basi nilikwenda kwa masista nikijua ninachokishika.

Jiko lile lilikuwa na utaratibu wake. Nilijifunza kutengeneza ru, yaani unga unaokaangwa kwenye siagi kwa moto mdogo ili mchuzi ushike bila kufanya madonge. Nilijifunza kuchemsha mifupa kwa muda mrefu na kuondoa povu, maji yale ndiyo msingi wa supu. Nilijifunza kwamba saladi huja baada ya nyama na kwamba jibini huja baada ya saladi, jambo ambalo mpaka leo sioni sababu yake, lakini nililifanya. Siagi na jibini tulitengeneza wenyewe, kwa maziwa aliyotuletea Msukuma mmoja aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake. Madukani wakati ule hapakuwa na kitu. Ukiona mafuta ya kupikia unanunua kwanza, kisha unafikiria utapikia nini.

Lakini somo lenyewe lilikuwa Jumamosi. Sista alikuwa na ramani kubwa ukutani, imechakaa kwenye mikunjo. Kila Jumamosi alifunga macho, akaizungushia kidole, akakitua, na tukaanza safari. Aliziita safari za sufuria. Kidole kikitua kwingine alikisogeza mpaka kwa watu wanaosema Kifaransa, kwa kuwa wageni wetu wengi walikuwa hao.

"Leo tunakwenda Dakar. Tunatokaje?"

Nilitakiwa kueleza. Lori mpaka Tunduma, treni mpaka pwani, halafu ndege. Tulale wapi? Tubebe nguo gani? Mwenyeji atatusalimu vipi, na tumpelekee zawadi gani? Nilikuwa sijawahi kufika hata Mbeya, lakini niliulizwa kama mtu mwenye tiketi mkononi. Tukishafika, kwa maneno, ndipo tulipowasha moto. Dakar tulipika wali na samaki katika sufuria moja, mchele wa Muze na samaki mkavu wa Ziwa Tanganyika, nyanya ikiwa nyingi mpaka wali unakuwa mwekundu. Wote tulikula kwenye sinia moja, kila mtu mbele yake, kama tunavyokula sisi. Nilishangaa. Nilidhani Kifaransa chote kinaliwa kwa uma.

Jumamosi nyingine tulikwenda Madagaska, tukapika wali wa majimaji na mboga za majani, chakula ambacho Melania alikipenda kuliko vyote nilivyowapelekea nyumbani. Tulikwenda Kanada kwenye theluji, tukala supu nzito ya njegere. Tulikwenda Burundi, ambako hatukuhitaji kujifunza sana, maharage ni maharage. Tulikwenda Ubelgiji kwao Sista. Alikaanga viazi vya Ufipa mara mbili, akavionja, kisha akasema vya hapa ni bora ila mafuta siyo.

Kabla ya kuonja, kila mara, aliuliza swali moja. "Huko, chakula kinaanza vipi, na mgeni anajuaje kwamba kimekwisha?"

Mwanzoni nililiona swali la kitoto. Baadaye nililishika kama sala ya Baba Yetu. Mtu anaweza kusamehe chumvi ikizidi. Hasamehe upesi kuondolewa sahani kabla hajamaliza, au kukalishwa mezani akiwa amekwisha kumaliza.

Niliwahi kumwambia, "Sista, wote hawa wanasema Kifaransa, lakini matumbo yao hayafanani."

"Na wewe na mtu wa Zanzibar mnasema Kiswahili," akajibu. "Mnakula sawa?"

Miaka ilikwenda. Madirisha ya maduka yakaanza kujaa. Watu waliita wakati ule enzi za ruksa: ukiwa na mtaji unaleta bidhaa, ukiwa na lori unabeba, ukiwa na nyumba unalaza wageni. Uzee ukamzidi Sista wa Jiko, wakamwita kwao akapumzike. Asubuhi aliyoondoka alikula supu yake jikoni badala ya mezani, akasimama mwenyewe, akanawa kwenye beseni mbele yangu. Hakuwa na desturi hiyo. Alifanya kwa ajili yangu, nikaelewa. Baadaye nyumba ile ya wageni ikageuzwa kuwa mabweni ya wanafunzi, na jiko letu likafungwa.

Kituo changu cha pili kilikuwa gesti ya mjini Sumbawanga, nyumba mpya ya mfanyabiashara mmoja aliyeishi Mbeya. Msimamizi wake tulimwita Bwana Meneja. Alikuwa karani wa ushirika zamani, mtu wa shati jeupe na wasiwasi mwingi. Siku ya kunipima alinikalisha mbele ya meza yake.

"Unajua kupika Kifaransa?"

"Cha wapi, Bwana Meneja?"

"Kwani viko vingapi?"

Nikaanza kuvitaja. Nilipofika Madagaska akanyanyua mkono. "Basi, basi. Anza kesho. Ila kwenye kibao nitaandika 'chakula cha Kifaransa', hayo mengine utajua mwenyewe."

Tulipewa pia vyumba viwili uani, nyuma ya jiko, na hivyo wadogo zangu wakahamia mjini. Oswadi alikuwa ameanza kuota ndevu. Baba Mdogo alikuja baada ya mavuno kama kawaida, akakaa kwenye ngazi ya mlango wetu, akauliza ya kuuliza, akaenda kula mkahawani.

Wageni wa gesti hawakuwa wa Ulaya peke yao. Waliokuja kwa wingi ni wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa, wa Zaire na Burundi, wakileta vitenge na kurudi na mahindi na maharage. Mkubwa wao alikuwa Mama Antuaneti wa Moba, mwanamke wa kicheko cha kuamsha mtaa. Siku ya kwanza nilimpikia kisamvu chetu cha karanga. Akakionja, akarudisha kijiko.

"Mama, nani mugonjwa humu?"

"Hakuna mgonjwa."

"Sasa hii sombe ya hospitali munamupikia nani? Mafuta iko wapi?"

Aliingia jikoni mwenyewe na chupa yake ya mawese, yale mafuta mekundu ya michikichi, ambayo wao huyaita mafuta ya ngazi. Akanifundisha kutwanga majani ya sombe, ndicho kisamvu kwao, mpaka yawe laini kabisa, kuyachemsha muda mrefu, na kumaliza kwa mawese na samaki mkavu. Akanifundisha pia kufunga samaki kwenye majani ya mgomba na kumweka juu ya makaa, aive kwa mvuke wake. Na yeye nilimuuliza swali la Sista. Alifikiri, akacheka. "Kwetu chakula inaisha wakati mwenye nyumba anaanza kulalamika juu ya bei ya vitu."

Kwa kuwa jikoni ndipo wageni walipopenda kukaa, jikoni ndipo walipouliza safari. Meli inapita lini Kasanga? Barabara ya Matai inapitika? Nilianza kuwajibu, na kidogo kidogo nikawa mpangaji wa safari. Vijana wa leo wanaofanya kazi hii huanza na mahali mtu alipo. Sisi tulianza na mwisho. Unauliza kwanza meli, kwa sababu meli ndiyo isiyokusubiri. Ukijua siku yake, unahesabu kurudi nyuma: lori la kushuka Kasanga, siku ya akiba wakati wa masika kwa ajili ya tope, kadi ya manjano ya chanjo, hati ya kusafiria. Mwisho ndipo unapanga kifurushi cha chakula. Kila mgeni nilimfungia cha kwao, ili aanze kufika kabla hajafika. Mrundi nilimfungia maharage makavu yaliyokaangwa na vitunguu. Mfaransa mkate na mayai ya kuchemsha. Mama Antuaneti hakufungiwa na mtu, alibeba sufuria yake.

Kisha gesti ikayumba. Gesti nyingine zilifunguliwa, zenye televisheni, na mwenye nyumba akachoka kuleta mafuta ya jenereta. Bwana Meneja akaniambia waziwazi kwamba tumebakiwa na tumaini moja. Shirika moja la usafiri la ng'ambo lilikuwa linatafuta nyumba ya kupumzishia wasafiri wake kabla ya kushuka ziwani. Wangekuja watu wawili kutazama, Mfaransa mmoja na bibi mmoja wa Kirundi aliyekuwa mkuu wa safari zao. Walikuwa wameomba kula chakula cha mchana pamoja na wazee wa mji.

"Wakitupenda, tunaendelea," akasema. "Wasipotupenda, mwenye nyumba anafunga jiko mwezi huuhuu."

Habari za kufunga jiko zilimfikia Baba Mdogo huko Kate. Siku ileile ya wageni aliteremka kwenye lori, amevaa koti lake, na begi tupu mkononi. Nililiona begi nikalijua. Lilikuwa la kubebea nguo za Deo na Melania.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Nasikia mambo yameharibika."

"Bado, Baba. Leo ndiyo tutajua."

"Basi nitasubiri mpaka jioni," akasema, na akakaa kwenye ngazi.

Mzee mmoja alikuwa ameugua na kiti chake kiko wazi. Bwana Meneja alipomwona mtu mzima mwenye koti, akamshika mkono akamketisha mezani na wazee, akimtambulisha kama baba yangu mdogo. Baba Mdogo hakukataa. Ile ilikuwa meza ya Meneja, si ya watoto.

Niliuliza kama niweke vyakula vyote mezani kwa pamoja, kama desturi ya mji. Bwana Meneja alikataa. "Hawa ni watu wa Kifaransa, Skola. Kimoja baada ya kingine." Nikapeleka supu ya maboga na mkate. Jikoni niliacha kuhe, samaki wakubwa wa ziwani, wamefungwa kwenye majani, mbuzi wa mchuzi wa karanga, na wali wa Muze umefunikwa.

Supu ilipendwa. Mzee Diwani, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee, alichovya mkate kwa mkono mpaka bakuli likang'aa. Wengine wakamfuata. Nilipoingia kuondoa mabakuli, akanigeukia akiwa na vidole vyenye supu, akasema kwa utulivu:

"Mwanangu, maji."

Nilijua maana yake. Nikileta maji, chakula kimekwisha. Nisipoleta, nimemnyima mzee maji mbele ya watu. Nilimtazama Bwana Meneja, alikuwa anamwelezea Mfaransa habari za jenereta. Nikaleta maji.

Mzee Diwani akanawa, wengine wakanawa, na Baba Mdogo naye akanawa. Mzee akashukuru kwa niaba ya mji, akawaombea wageni safari njema, na wazee wakainuka kama mtu mmoja. Mlangoni nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Sasa nimeelewa kwa nini wamekonda."

Wageni wawili walibaki wametoa macho. Mfaransa alimuuliza bibi wa Kirundi wamewakosea nini. Bwana Meneja akanikimbilia jikoni.

"Skola, umeniua. Warudishe."

"Mtu aliyenawa harudi mezani, Bwana Meneja."

"Mbuzi mzima huyo! Tuseme nini?"

Nilisimama mbele ya sufuria zile. Lililonijia ni swali la Sista, lakini nusu yake ya kwanza. Si jinsi chakula kinavyokwisha, bali jinsi kinavyoanza. Kwetu chakula huanza kwa maji, na huanza upya kila unapoingia mlango mwingine. Mtu anaweza kushiba kwa jirani, akipita kwako ukamkaribisha ataonja, na hakuna atakayemwita mroho. Atakayekataa ndiye atakayesemwa.

"Wamemaliza kula kwako," nikamwambia. "Kwangu hawajala."

Nikamwita Melania atandike mikeka chumba cha mbele. Nikamwambia Oswadi asimame mlangoni, maana mwanamume wa nyumba ndiye anayepokea. Deo nikampa birika na beseni. Kisha nikatoka uani, walikokuwa wazee wakiagana, nikapiga magoti.

"Wazee wangu, mmekula kwa Bwana Meneja, tunashukuru. Nyumba yangu ni ile pale. Mtaupita mlango wangu bila kuonja?"

Mzee Diwani akatazama vyumba vyetu viwili, akatazama mlango. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kuingia nyumbani kwa mtu kula ni jambo moja, kuingia anakolala mfanyakazi na wadogo zake ni jambo jingine, na hapo angeweza kushukuru tu na kwenda zake. Akamgeukia Baba Mdogo.

"Ndugu yetu, huyu si binti wa kaka yako?"

"Ndiye."

"Ile ni nyumba?"

Kwenye ngazi lilikuwa lile begi tupu, pale alipoliacha. Baba Mdogo alitazama ukuta nilioupaka chokaa kwa Pasaka. Alimtazama Oswadi aliyesimama mlangoni na shati lake la shule, mikono nyuma, kama baba yetu alivyokuwa akisimama. Alimtazama Deo na birika lililojaa, maji yakimdondokea miguuni. Nilikuwa bado nimepiga magoti, na sikumsaidia kwa neno lolote. Miaka yote ile nilikuwa nimekwisha kusema langu.

"Ni nyumba," akasema. "Ya kaka yangu."

Akatangulia yeye. Akaliinua begi akalisogeza pembeni ili lisizibe njia, akainama kidogo mlangoni, akakunja mikono ya koti na kuinyoosha mbele ya Deo. Deo akammiminia.

Wengine wakafuata. Bibi wa Kirundi alivua viatu na kukaa mkekani bila kuonyeshwa, kama aliyefika kwao. Mfaransa alikaa kwa shida, magoti yake marefu hayakujua pa kwenda. Nilipofungua majani ya kuhe na sufuria ya mbuzi na harufu ikajaa chumba, Mzee Diwani akatikisa kichwa.

"Kumbe nyama mliificha huku."

"Hatukuificha, Mzee. Ilikuwa inawasubiri katika nyumba yake."

Walikula mpaka sufuria zikatoa sauti. Mfaransa alitaka kueleweshwa kilichotokea, na bibi yule alipomweleza alicheka mpaka akakohoa, akasema wasafiri wao wangependa kufundishwa hilo kabla ya kushuka ziwani kuliko kuonyeshwa televisheni. Shirika likaichukua gesti ile, na likaendelea nayo kwa miaka mingi. Kazi yangu ikawa na jina, Msimamizi wa Jiko na Safari. Kila kundi lililofika nilikaa nalo kwanza nikiuliza: kwenu chakula kinaanza vipi, na mgeni anajuaje kwamba kimekwisha?

Baba Mdogo alirudi Kate na begi lake tupu. Hakutaja tena habari ya kuwagawa wadogo zangu. Mavuno yaliyofuata alikuja moja kwa moja mpaka ndani, akakaa mkekani na kuuliza, "Leo hamnawi?"

Mengi yalikuja baadaye. Nilivuka ziwa mara moja, nikala kwa Mama Antuaneti huko Moba, na kweli alianza kulalamika juu ya bei ya vitu tulipomaliza. Kisha vita vikaingia ng'ambo, na safari tulizozipanga kwa meli zikawa za watu wasiopanga chochote. Mama Antuaneti alifika siku moja bila kitenge hata kimoja na bila sufuria yake. Nilimpikia sombe ya mawese, imeiva kama alivyonifundisha. Alikula yote, kisha akasema mafuta yamezidi kidogo. Hapo nikajua atapona.

Niliacha kazi magoti yaliponikataza kuinama kwenye makaa. Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mnapanga safari kwa simu, na jambo ambalo sisi tulilitafuta wiki nzima ninyi mnalipata kabla chai haijapoa. Sina wivu. Ninachowaomba ni kwamba mkimpeleka mtu ugenini, mwambieni pia ataketi wapi, nani atamletea maji, na maji yale yana maana gani. Tiketi itamfikisha mlangoni tu.

Wadogo zangu walitawanyika hatimaye, kila mmoja kwa hiari yake. Oswadi anaendesha gari Mpanda, Melania ni muuguzi Mbeya, na Deo anafundisha Kate, amejenga kwenye kiwanja alichopewa na Baba Mdogo kabla hajafariki. Krismasi huja kwangu wote na watoto wao. Napika supu kwanza, kisha samaki wa majani, kisha wali mwekundu wa Dakar, kimoja baada ya kingine, polepole. Vijana huanza kutazama saa, wanawaza mabasi. Mmoja wao huniuliza, "Bibi, maji ya kunawa yako wapi?"

Deo hucheka, kwa sababu anajua. Birika nimelikalia, liko chini ya kiti changu, na mimi bado ninakula.